Picha za familia kwenye kompyuta ya nyumbani: shughulikia umeme na nakala kwanza

Ndugu uliyeuliza kama kompyuta ndogo kuukuu inaweza kutunza picha za familia ili uache kulipia hifadhi kila mwezi: inaweza. Yangu iko hapa Jinja, ThinkCentre Tiny ya mtumba yenye memori ya GB 8, juu ya kabati la sebuleni, na inaendesha Immich, programu ya bure ya kutunza picha kwenye kompyuta yako mwenyewe, tangu 2023. Kuisakinisha kwa Docker, programu inayoendesha programu nyingine zikiwa zimefungashwa tayari, ni kazi ya jioni moja ukifuata maelekezo yao, kwa hiyo sitakaa hapo. Umeme nao haili sana: ikitumia wati 10 mchana na usiku, ni yuniti 7 na kidogo za Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, kwa mwezi. Simu zikishika waifai ya nyumbani zinapandisha picha zenyewe, bando haliguswi.

Kinachouma ni kingine, na nataka ukisikie kabla hujanunua diski.

Mwaka ule wa kwanza nilichukua albamu ya bibi, zile picha nyeusi na nyeupe zenye kingo kama meno ya msumeno, nikazipiga moja moja karibu na dirisha. Immich inatambua nyuso: kila uso unapata kiduara chake, wewe unaandika jina. Bibi alikaa kando yangu jioni tatu. Anaisogeza simu mbali na macho, ananyamaza, halafu: "Huyu shemeji yangu, alikuwa fundi wa reli. Na huyu mtoto ndiye mjomba wako." Mimi naandika.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Miezi michache baadaye umeme ukakatika usiku, ukarudi, ukakatika tena, mara nne au tano ndani ya dakika chache. Picha na hifadhidata, yaani mahali Immich inapoandika taarifa zake zote, nilikuwa nimeziweka pamoja kwenye diski moja ya nje ya USB, bila UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Asubuhi hifadhidata ikagoma kuwaka. Picha zilikuwepo zote, haikupotea hata moja. Yaliyopotea ni majina, kwa sababu majina ya nyuso hayakai kwenye picha, yanakaa kwenye hifadhidata tu. Nami kila wiki nilikuwa nanakili folda ya picha peke yake, nikiamini nimemaliza.

Basi fanya hivi. Hifadhidata ikae kwenye SSD ya ndani, yaani diski ya kasi iliyomo ndani ya kompyuta, picha ndizo ziende kwenye diski kubwa. Nunua UPS ndogo, na ruta uichomeke humohumo. Siku hizi Immich inatoa nakala ya hifadhidata yenyewe kila usiku, lakini inaiweka pamoja na picha, kwa hiyo diski hiyo ikifa, picha na nakala vinakwenda pamoja. Nakili folda nzima kwenye diski ya pili, na hiyo ya pili isilale nyumba moja na ya kwanza. Yangu iko kwa dada yangu Mbale, tunabadilishana kila nikienda kumsalimia. Kisha jaribu kweli kurejesha kutoka kwenye nakala hiyo, usingoje siku ya msiba.

Majina ya wazee yaandike pia kwenye sehemu ya maelezo ya picha. Hayo Immich inayatunza kwenye faili dogo la XMP kando ya picha yenyewe, na unaweza kulisoma kwa programu yoyote ya maandishi hata hifadhidata ikiharibika.

Kuhusu kuzifikia ukiwa safarini, usiifungue ruta yako kwa dunia nzima. Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha kupitia intaneti, inatosha, na inafanya kazi hata kwa laini za simu zisizokupa anwani yako ya pekee ya intaneti.

Mama amenisaidia kurudisha majina mengi. Imebaki picha moja ya harusi, kuna mwanamume amesimama nyuma ya maharusi, mkono mmoja ameshika baiskeli. Bibi alimtaja, na nakumbuka alicheka alipomtaja. Mama hamjui. Mpaka leo kiduara chake hakina jina.