Maswali ya wasomaji: Vueni viatu kwanza, ndipo tuzungumze sukari

Maswali ya safari hii mengi yametoka Tanga mjini, mengine Muheza na Pangani, na karibu yote ni ya miguu. Nimeyafupisha. Majina nimeyaacha.

Sista shikamoo. Nina kisukari, miguu inakufa ganzi na usiku inawaka moto. Nitumie dawa gani? – Msomaji, Makorora

Marahaba. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara linakuja hivi hivi: umri hakuna, miaka ya ugonjwa hakuna, kiwango cha sukari hakuna, wala neno moja kama miguu yenyewe imeshaangaliwa na mtu. Dawa za kutuliza moto wa usiku zipo. Atakayekuandikia ni daktari anayejua hali ya moyo wako na figo zako, si mimi kupitia gazeti. Ila ujue kwamba dawa hizo zinatuliza maumivu tu, ganzi haziiondoi. Na ganzi ndiyo inayowafikisha watu kwenye kukatwa mguu. Unakanyaga msumari hushtuki, kiatu kinakuchubua hujui, kidonda unakuja kukigundua kwa harufu au kwa doa kwenye shuka.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kuuliza dawa, pimwa ganzi hapo hapo nyumbani. Kipimo hiki kilibuniwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza, wakakichapisha mwaka 2011, na hakihitaji kifaa. Vua soksi, lala chali, fumba macho. Mtu wa nyumbani aguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi kabisa, ncha za vidole vyako vitatu kila mguu: gumba, cha katikati na cha mwisho. Kila kidole akiguse mara moja tu, kwa sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asipapase, asirudie. Ukihisi, sema "kulia" au "kushoto". Kati ya vidole sita, ukikosa viwili au zaidi, miguu yako imepoteza ulinzi wake. Kuanzia hapo kutembea peku ndani ya nyumba kumekwisha, na kliniki wanatakiwa wajue.

Kikundi kazi cha kimataifa cha mguu wa kisukari kinashauri hivi: asiye na ganzi na damu yake inafika vizuri miguuni aangaliwe miguu mara moja kwa mwaka, mwenye ganzi peke yake, kila miezi 6 hadi 12, mwenye ganzi na mguu uliopinda au damu isiyofika vizuri, kila miezi 3 hadi 6, aliyewahi kupata kidonda au kukatwa kidole, kila mwezi 1 hadi 3. Sasa jiulize umehudhuria kliniki mara ngapi na umevuliwa viatu mara ngapi. Mtu anapimwa sukari, presha na uzito, anapewa dawa, anatoka na viatu vyake miguuni kama alivyoingia. Foleni ni ndefu, naijua. Basi usingoje kuambiwa. Legeza kamba ukiwa kwenye benchi, ukiketi tu mbele ya daktari vua, useme: "Naomba na miguu yangu iangaliwe." Hakuna atakayekufukuza.

Je, niloweke miguu kwenye maji ya moto na chumvi? – Ngamiani

Hapana. Mwenye ganzi anajibabua bila kujua. Maji yawe vuguvugu, jaribu kwa kiwiko na si kwa mguu, nawa, toa, kausha.

Na sugu? Kijana wa kusafisha kucha anapita mtaani na wembe wake. – Chumbageni

Mwambie apite. Wembe ule umetoka kwenye mguu wa mwingine, na anachokiita sugu huenda chini yake kuna kidonda tayari. Kucha zikatwe kwa kunyooka, pembe zisichimbwe. Magaga yapake mafuta kila siku kwenye kisigino, lakini si katikati ya vidole.

Baba yetu ana kisukari miaka 15. Ameamka asubuhi kidole gumba kimetafunwa, shuka lina damu, na hakuhisi kitu. Majirani wanasema ametumiwa kitu. – Muheza

Ametafunwa na panya. Najua neno hilo linavyosikika, na najua kwa nini familia zinakwenda kwanza kwa mganga: mtu kuliwa nyama akiwa usingizini asiamke ni jambo la kutisha. Lakini madaktari wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 2005, katika jarida la kitabibu la kimataifa, taarifa ya wagonjwa wao wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Mguu hauna hisia, panya hafukuzwi, basi anaendelea. Haya yametokea nchini mwetu na yameandikwa na madaktari wetu.

Hospitali leo hii, siyo kesho. Kidonda kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kifungwe kitambaa safi, na baba asiukanyagie mguu huo kwa kadiri inavyowezekana. Msipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe wala unga wa vidonge vya antibayotiki. Akifika, watazame kama mfupa umeguswa na awekewe kinga ya pepopunda. Baada ya hapo alale ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote, miguu ioshwe kabla ya kulala isinuke samaki wala mafuta ya chakula, na nyumba isafishwe panya. Nawaomba sana msimgombeze kwa kuchelewa kujua. Hakuwa na njia ya kujua.

Kuna saa inauzwa mtandaoni, inapima sukari bila kuchoma kidole. Ninunue? – Raskazone

Usinunue. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu akitegemea namba za kifaa cha namna hiyo kujidunga insulini, anaweza kuzimia na asiamke. Vile vifaa vinavyobandikwa mkononi vikiwa na kijisindano kidogo chini ya ngozi ni habari nyingine, hivyo ni vya kweli, ila bei yake wengi wetu hatuiwezi. Pesa ya saa nunua mashine ya kawaida na vipande vyake. Na hata mashine nzuri kabisa haikwambii lolote kuhusu kidonda kilicho chini ya unyayo.

Mwanangu ana miaka 6. Akiamka anachechemea mpaka saa nne ndiyo anakaa sawa. Goti moja na kifundo cha mguu vimevimba, miezi miwili sasa. Mama mkwe anasema ni baridi, nimkande. Mwalimu anasema anakua. – Mama, Pongwe

Mama, kukua hakuvimbishi goti. Maumivu ya mtoto anayekua huja jioni au usiku, miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anakimbia. Mwanao yuko kinyume: asubuhi ndiyo mbaya, viungo vimekakamaa, na uvimbe unaonekana. Yabisi ya utotoni ndivyo inavyoanza. Ni ugonjwa wa viungo unaoanza kabla ya miaka 16, unaodumu wiki 6 au zaidi, bila chanzo kingine kupatikana. Kinga ya mwili inashambulia viungo vya mtoto mwenyewe. Hakuupata kwa kulala sakafuni wala kwa kuoga maji ya baridi, na wewe hukukosea popote. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba kukanda taratibu kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya. Kuchanja chale kuna ubaya.

Nenda hospitali ya Bombo, eleza hivyo hivyo ulivyonieleza, na useme "miezi miwili" mapema, usingoje kuulizwa. Watatakiwa kwanza kuondoa mengine yanayofanana: selimundu, kifua kikuu cha kiungo, maambukizi ya mfupa. Na kwa kila mzazi anayesoma hapa: mtoto mwenye homa, kiungo kimoja cha moto, anayekataa kabisa kukanyaga, ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo unakiharibu kwa siku chache.

Mambo matatu hukuuliza nami nayasema. La kwanza macho. Ugonjwa huu unaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho, jicho lisiwe jekundu wala lisiume, huku mtoto anapoteza uoni polepole. Omba apelekwe kwa daktari wa macho akatazamwe kwa darubini yao, na arudiwe kila baada ya miezi kadhaa hata kama anaona vizuri.

La pili dawa. Akiandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza yabisi, ni mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Chagueni siku moja, iandikwe ukutani, na mpaji awe mtu mmoja. Ikitolewa kila siku kwa makosa inaweza kuua.

La tatu miguu yenyewe. Goti linaonekana hata mtoto akiwa na kaptula, mguu umo ndani ya kiatu, basi unasahaulika. Watafiti wa Glasgow, Uskoti, waliona kwamba hata watoto wanaopata dawa za kisasa walibaki na matatizo ya miguu. Marekani mwaka 2005 walichapisha jaribio kwa watoto wenye yabisi: waliowekewa soli za ndani zilizotengenezwa kwa umbo la mguu wa kila mmoja walipungukiwa maumivu na kutembea vizuri kuliko waliopewa soli bapa za dukani au viatu vizuri peke yake. Newcastle, Australia, wamejaribu soli zilizo tayari zinazorekebishwa kwa mtoto husika, na maumivu yalipungua katika miezi ya mwanzo. Soli haitibu yabisi, inampa mtoto nafasi ya kwenda shule na kucheza wakati dawa inafanya kazi yake. Huku kwetu mtaalamu aliyesomea miguu peke yake ni nadra, lakini mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tunao, wengi wamesomea TATCOT, chuo cha mafundi hao kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi. Muulize daktari akuandikie kwa huyo fundi. Wengi hawaandikiwi kwa sababu hawakuuliza.

Nimekutumia picha ya kidonda changu WhatsApp. Mbona hujanijibu dawa? – Wasomaji kadhaa

Na sitajibu, mnisamehe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wataalamu picha za vidonda vya miguu zilizopigwa kwa simu. Majibu yao yalipishana wao kwa wao, na yalipishana na ya aliyemwona mgonjwa uso kwa uso. Picha haina harufu, haina joto, wala haionyeshi kidonda kimezama kiasi gani. Piga picha kila wiki kwa mwanga ule ule uende nazo kliniki kuonyesha mwendo wa kidonda, hapo simu inasaidia kweli. Senegali mwaka 2014 walianza kuwatumia wenye kisukari ujumbe mfupi wa ushauri kipindi cha Ramadhani, kwa simu ya kitochi tu, na hiyo ndiyo teknolojia ninayotamani tuione Tanga. Mnachopokea kwenye makundi yenu ni matangazo ya unga unaoponya kisukari. Ukiacha insulini kwa ajili ya unga huo, utakufa nao mkononi.

Weusi, usaha, harufu, wekundu unaopanda, homa: nenda leo, usipige picha.

Yebo-yebo zinafaa? – Sahare

Kuliko kandambili, ndiyo. Kamba ya kandambili inachubua katikati ya vidole, na mwenye ganzi kandambili inamvuka njiani asijue. Bora zaidi ni kiatu kipana, kilichofungwa mbele, chenye soli laini. Cha mtumba kina alama ya unyayo wa mwenyewe wa kwanza, kwa hiyo badilisha soli ya ndani. Katambuga zigeuze uone misumari ya fundi imetokeza wapi. Kila asubuhi, kila kiatu, tia mkono ndani kabla ya mguu.

Mguu mmoja umevimba, wa moto, mwekundu kidogo, hauumi sana. Kidonda hakuna. Picha ya mionzi wamesema safi. Nina kisukari. – Pangani

Acha kuukanyagia sasa hivi. Inaweza kuwa mguu wa Charcot: mifupa inalainika na kuvunjika taratibu kwa mtu mwenye ganzi, na mwanzoni picha huonekana safi. Wengi wanaambiwa ni gauti au maambukizi ya ngozi, wanapewa vidonge, wanaendelea kutembea, na baada ya miezi unyayo umepinduka kama chini ya mtumbwi. Rudi hospitali, litaje jina hilo, uliza kuhusu kufungwa plasta ngumu mpaka chini ya goti. Joto likizidi la mguu wa pili kwa nyuzi 2 hivi, mahali pale pale, ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito.

Bibi harusi ana kisukari. Piko miguuni? – Mabawa

Hina ya majani, ruhusa, kama ngozi haina mchubuko. Piko iliyochanganywa na dawa ya nywele, hapana; inababua ngozi hata ya mzima.

Ijumaa uani mwa msikiti sakafu inachoma, na viatu tumeviacha mlangoni. – Mzee, Barabara ya 12

Shikamoo mzee wangu. Mwenye ganzi anaungua pale na kugundua akifika nyumbani. Wahi upate nafasi ndani au kivulini, uvae soksi nene, na ukirudi kijana akutazame nyayo. Kupangusa juu ya soksi wakati wa udhu muulize imamu. Kukausha katikati ya vidole baada ya udhu niulize mimi, na jibu ni kila mara, kwa kitambaa chako mwenyewe.