Rejeta husuuzwa, haifanyiwi zoezi

Swali: Nina Land Rover 109 ya mwaka 1978 ambayo ilikuwa ikichemsha kila inapopanda mlima. Gereji imenirudishia ikiwa nzima, lakini risiti yao imeandikwa: “Kufanya zoezi la flashi ya rejeta na ufanyaji wa ujazaji wa kulanti.” Je, Kiswahili cha “kufanya flashi” ni kusafisha, kusuuza au kusukutua? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ni kusuuza. Neno “flashi” limetoka katika Kiingereza, ambako ni maneno mawili, moja la mwanga na jingine la maji yanayosukumwa kwa nguvu. Yalipofika kwetu irabu zetu tano ziliyabana yakawa neno moja, nasi tukalipa kazi ya kumulika picha, ya kubeba mafaili ya kompyuta na ya kuteremsha maji chooni. Sioni sababu ya kulitwisha na rejeta.

Kusafisha ni neno pana mno kwa risiti, kwa kuwa hata aliyepuliza tope na panzi waliokauka kwenye mapezi ya mbele atasema kweli kwamba amesafisha rejeta. Kusukutua ni kwa kinywa, ingawa fundi mwenye utani akilitumia sitamkatalia, maana rejeta ya zamani nayo hutiwa maji, hutikiswa na injini, kisha hutema uchafu wenye rangi ya kutu. Kusuuza ndiko kupitisha maji safi ndani ya chombo hadi yatoke kama yalivyoingia, na hiyo ndiyo kazi uliyolipia. Usikubali tu ichanganywe na kuzibua, ambako rejeta ya shaba kama yako huvuliwa, lehemu ya tangi la juu ikayeyushwa na vijiti vikapitishwa katika kila kijibomba. Hiyo ni kazi nyingine na bei yake ni nyingine.

Sasa nije kwenye kilichonikera, ambacho wewe umekipita bila kukitazama. Wakati unauliza kuhusu “flashi”, mbele yake limekaa “kufanya zoezi la” na nyuma yake “ufanyaji wa ujazaji wa”, na hapo ndipo Kiswahili kilipougua. Kitenzi chenye afya, jaza, kimevalishwa kiambishi cha mwanzo na cha mwisho kikawa “ujazaji”, na kwa kuwa nomino haiwezi kutenda lolote, imeletewa “kufanya” iikokote. Kisha “kufanya” nayo ikageuzwa “ufanyaji”, hata ndani ya maneno matatu hakuna anayefanya chochote.

Sisemi kwamba nomino hizi ni haramu. “Usuuzaji wa rejeta huhitaji maji mengi” ni sentensi safi, kwa sababu inaizungumzia kazi yenyewe kwa jumla. Wala “kufanya” haina kosa inapokaa penye haki yake: tunafanya kazi, tunafanya biashara, tunafanya haraka. Kosa ni kuifanya kuwa mkongojo wa kila kitenzi chenye miguu yake. Kuhusu “zoezi”, nililizoea darasani na uwanjani; siku hizi kuna zoezi la kugawa vyandarua, zoezi la kuzoa taka, na sasa, kumbe, zoezi la rejeta.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba haya ni mapambo tu ya lugha ya ofisini na hayamdhuru mtu. Basi tuchukue onyo moja ambalo kila mwenye gari kuukuu analihitaji. Maji yaliyo ndani ya rejeta iliyofungwa yamo katika shinikizo, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 za selsiasi bila kuchemka; ukifungua kifuniko, shinikizo linaondoka, maji yanachemka papo hapo na kuruka usoni. Fundi wa kale angesema: “Usifungue kifuniko kabla injini haijapoa.” Mwandishi wa risiti yako angeandika: “Ufanyaji wa ufunguaji wa kifuniko ufanyike baada ya kukamilika kwa zoezi la upoaji wa injini.” Katika ile ya kwanza, *u* ya “usifungue” inakunyooshea kidole, *si* inakuzuia mkono, na “haijapoa” inakueleza hali ya injini sasa hivi, yote hayo kabla hujavuta pumzi. Katika ile ya pili umekwisha kuungua ukiwa bado unatafuta ni nani aliyeambiwa.

Kazi yenyewe ni mfululizo wa vitenzi, na nashangaa mtu anawezaje kuisimulia bila hivyo. Injini ikishapoa, fundi hufungua koki ya chini ya rejeta na ile ya ubavuni mwa injini, akayakinga maji ya zamani katika beseni asiyamwage uani, kwa kuwa kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, ni tamu na ni sumu, na mbwa huilamba. Hufungua hita, akaichomoa themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, akaingiza mpira wa maji kutoka upande ulio kinyume na mkondo wa kawaida, akasuuza mpaka maji yatoke meupe. Ndipo hurudisha alichokichomoa, akaizimua kulanti kwa maji yaliyokenekwa, nusu kwa nusu, asitie ya kisima yenye chumvi na chokaa. Akajaza, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, akasubiri themostati ifunguke na hewa itoke, kisha akaongezea palipopungua. Tazama tulivyo na hazina: kinga, chomoa, zimua, ongezea. Kila kimoja kingegeuzwa “ufanyaji wa” tungehitaji risiti ya kurasa mbili.

Kwa hiyo risiti yako ilipaswa kusomeka hivi: “Tumemwaga maji ya zamani, tumesuuza rejeta na injini, tumejaza kulanti.” Utaona kwamba “kulanti” nimeiacha. Imekwisha kupata irabu yake ya mwisho, inauzwa kwa jina hilo hadi kwenye vioski vya vipuri, na fundi akiisikia anajua alete dumu lipi.

Umeandika pia kwamba Land Rover yako “ilikuwa ikichemsha”. Wako walimu watakaokusahihisha kwamba maji huchemka na mtu ndiye huchemsha. Mimi nimechoka kubishana juu ya hilo, na kusema kweli sina hakika kwamba mafundi wamekosea: injini ndiyo iliyoyapasha moto maji yake yenyewe, mtendaji yupo na mtendwa yupo, na kitenzi kinafanya kazi yake bila kusaidiwa na zoezi lolote.