Gemu Imehama, FiveM Haina Habari

Ukianza kazi kwenye saiba hapa Lamu, mteja wa FiveM, programu ya kuchezea gemu ya GTA V na wenzako mtandaoni, hatakawia kukufikia. Atakwambia, “Kaka, jana ilikuwa yaingia vizuri, leo inasema haioni GTA.” Mkono utakuwasha ufute kila kitu uanze upya. Uzuie. GTA V ni zaidi ya GB 100, na mwenye saiba hatakununulia bando la kupakua mzigo huo.

FiveM haina gemu ndani yake. Huazima ile iliyokwisha kusakinishwa, na ikishajua iko folda gani, huandika njia ya kuifikia na kuishika. Gemu ikihamishwa, FiveM hurudi palepale, kama mtu akuuliziaye Mkomani nawe ulishahamia Wiyoni. Kwa hiyo swali la kwanza ni: umehamisha nini? Mteja atasema hakuhamisha kitu. Uliza tena, safari hii utaje diski ya nje.

Hapo ndipo pa kutulia. Laptopu ikiwa na nafasi ndogo, gemu hukaa kwenye diski ya nje, na diski hiyo hutambuliwa kwa herufi. Flashi ikitangulia kuchomekwa ikachukua E, diski ya gemu itapewa F, na njia yote iliyoandikwa inakufa ingawa hakuna faili hata moja iliyosogea. Usiguse FiveM. Fungua Disk Management ya Windows, ipe diski ya gemu herufi ya mbali, T au X, ambako flashi hazifiki. Mteja ataona kama uchawi. Mwache aone hivyo, ila mtoze bei ya haki.

Kama gemu imehama kweli, funga FiveM, kisha andika %localappdata%\FiveM\FiveM.app kwenye upau wa anwani wa File Explorer. Humo mna faili iitwayo CitizenFX.ini. Itolee nakala kwanza, halafu ifungue kwa Notepad utafute mstari unaoanza na IVPath. Baada ya alama ya sawasawa (=) weka njia ya folda yenye GTA5.exe, folda tu, jina la faili lisiingie. Njia yenyewe usiiandike kwa kukisia. Gemu ikiwa ya duka la Steam, ifungue Steam, bofya kulia jina lake, nenda Manage, kisha Browse local files, unakili anwani itakayotokea juu.

Angalia pia toleo. Tangu Machi 2025 kuna GTA V mbili, Legacy ya zamani na Enhanced mpya, kila moja na folda yake, na FiveM ilijengwa juu ya Legacy. Watu husakinisha Enhanced kwa kupenda picha zake, wakafuta ya zamani kupata nafasi, kisha wakaja kwako.

Jambo jingine dogo: FiveM.exe ikifunguliwa ndani ya folda tupu, hujisakinisha humohumo. Usiifungulie kwenye flashi ya mteja.

Na kabla hujapatana bei, uliza gemu ilinunuliwa wapi. FiveM hudai GTA V halali. Kopi ya kuazimana kwa flashi haitengenezwi kwa kurekebisha njia, hata ukeshe nayo hadi adhana ya alfajiri.