Mtoto wako ana selimundu na alizaliwa kabla ya 2013? Itafute kadi yake ya kliniki

Juu ya kabati langu kuna mfuko wa nailoni wenye kadi mbili za kliniki. Moja ni ya Baraka, mwanangu wa kwanza, aliyezaliwa Machi 2010. Imefifia, na pale katikati ilipokunjwa karatasi imeanza kuachana, lakini maandishi bado yanasomeka: BCG, matone ya polio, Penta, surua. Ya pili ni ya mdogo wake wa kike, wa 2014. Hiyo ina mstari ambao kadi ya kaka yake haina, umeandikwa PCV, na mbele yake kuna tarehe tatu za wino wa buluu: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Miaka yote hiyo sikuwahi kuzilaza kadi hizo kando kwa kando. Siku zilipolazwa hivyo, tulikuwa wodini.

Baraka ana selimundu ya SS, yaani amerithi kasoro ya damu kwa baba na kwa mama. Tulijua akiwa na mwaka mmoja na nusu, mikono na miguu ilipovimba bila kujigonga popote. Kliniki tulifundishwa mengi nami niliyashika: anywe maji ya kutosha, foliki kila siku, asipigwe na baridi, alale kwenye chandarua.

Juni 2022, akiwa na miaka 12, alirudi shule jioni akisema kifua kinambana. Usiku joto likapanda. Nilimpa parasetamo, nikamkanda kwa maji, nikajiambia hii ni malaria tu, kukipambazuka tutaenda kupima. Ule usiku mmoja wa kusubiri bado unaniuma. Asubuhi kipimo kilionyesha hana malaria. Badala ya kwenda hospitali nikapitia duka la dawa, nikauziwa vidonge, tukarudi nyumbani. Kufika saa nane mchana alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa, mabega yanapanda na kushuka, na kila nikimwuliza kitu ananijibu neno mojamoja. Tulichukua bajaji. Ilikuwa nimonia. Aliwekewa oksijeni, akachomwa sindano za mshipa, akaongezwa damu, na tulikaa siku tisa.

Siku ya tatu daktari akaniuliza, "Mama Baraka, huyu alipata chanjo ya nimonia?" Nikamjibu bila wasiwasi, "Amepata zote, daktari. Sijawahi kukosa kliniki hata mara moja." Akaomba kadi. Baba yake alipozileta, alizileta zote mbili kwa kuwa zilikuwa mfuko mmoja. Daktari akazilaza juu ya shuka, akapitisha kidole mstari kwa mstari kwenye ile ya zamani, kisha akakihamishia kwenye ile mpya na kukisimamisha kwenye PCV. "Hukukosea, mama. Alipokuwa mchanga, chanjo hii ilikuwa haijafika nchini."

Ndivyo ilivyokuwa. Tanzania ilizindua chanjo ya PCV Desemba 2012 na kliniki zikaanza kuitoa Januari 2013, kwa watoto wachanga. Wakati huo Baraka alikuwa anakaribia miaka mitatu, hayumo kwenye hesabu hiyo. Wenzetu Kenya walitangulia, walianza 2011.

Sisi wazazi tunaiita chanjo ya nimonia, ingawa mdudu anayezuiwa, nyumokokasi, haishii kwenye mapafu. Huingia kwenye damu, na akifika kwenye utando wa ubongo huleta homa ya uti wa mgongo. Kwa mtoto wa selimundu hatari ni kubwa kuliko kwa watoto wengine, na sababu yake ni bandama. Bandama ndiyo chujio la damu, na kazi yake mojawapo ni kuwakamata wadudu wa aina hii, wenye ganda linalowafanya wateleze mbele ya askari wa mwili. Seli zilizopinda huziba mishipa midogo ya bandama, tena na tena, mpaka inakufa polepole. Watoto wengi wenye SS wakifika miaka mitano bandama haifanyi kazi tena. Nilikuwa naambiwa "bandama lake limevimba" au "sasa halishikiki", nami nikaona ni jambo la daktari. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba mlango umebaki wazi.

Sasa niwaambie tulichofanya, kwa sababu wazazi wengi wa vijana wa selimundu wananiuliza. Alipopona, Agosti 2022 alichomwa dozi moja ya PCV-13. Hiyo hufundisha mwili kuzitambua aina 13 za mdudu. Tukasubiri wiki 8, na Oktoba akachomwa chanjo nyingine ya mdudu huyo huyo, PPSV23, inayobeba aina 23. Ya 23 ina upana, ila haifanyi kazi vizuri kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na kinga yake hupungua, ndiyo maana mwenye selimundu hurudia baada ya miaka 5. Kuanza na PCV kisha kufuata na ya 23 ndio mpangilio tuliopewa. Siku hizi ziko pia PCV zenye aina nyingi zaidi, na mtoto akipata hizo mpangilio hubadilika, kwa hiyo mwulize daktari wako wa selimundu.

Kwa mchanga PCV ni bure kliniki, huchomwa paja la kulia. Kwa kijana wa miaka 12 tuliitafuta wenyewe, tukailipia wenyewe, na bima haikuigusa. Mwaka huo tuliahirisha kubadilisha mabati ya jikoni. Naliandika hili waziwazi ili mzazi asiende akidhani atapewa dirishani kama ya mtoto mchanga. Piga simu kwanza, uliza kama ipo, uliza bei, jipange. Kijana huchomwa begani. Baraka mkono ulimuuma siku mbili, akawa na kijihoma usiku wa kwanza, ikaisha.

Bibi yake hakuelewa. "Chanjo ni za vichanga, huyu ameshaota ndevu." Nilikaa naye nikamweleza habari ya bandama, akanyamaza, kesho yake akanipa elfu ishirini ya kuongezea.

Kama kijana wako ni mzima na alizaliwa kabla ya 2013, usihangaike. Mwili wake na bandama yake vinajitosheleza. Ninaosema nao ni wenye selimundu, waliotolewa bandama, wanaoishi na VVU, wenye matatizo sugu ya figo au moyo.

Na wadogo zao wachanjwe kwa wakati, hata kama wao ni wazima. Mdudu huyu hukaa puani mwa watoto wadogo bila kuwaumiza, nao huwapa wakubwa kwa kukohoa na kupiga chafya. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia kilichotokea baada ya PCV kuanza: kwa watoto wa chini ya miaka mitano, magonjwa makali ya zile aina zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92. Hata vichanga ambao hawajafikia umri wa kuchomwa walinufaika. Kwa hiyo zile tarehe tatu za wino wa buluu kwenye kadi ya dada yake zilichangia kumkinga Baraka pia.

Wenye watoto wadogo wa SS, msiiache Pen V, penisilini ya kunywa, asubuhi na jioni, angalau hadi miaka mitano. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1986 ulionyesha dawa hiyo ilipunguza maambukizi ya mdudu huyu kwa asilimia 84. Baraka aliianza, ikawa haipatikani dukani, tukaizoea hali hiyo. Usiizoee.

Chanjo haizibi aina zote, maana zipo zaidi ya 90. Kwa hiyo joto likifika 38.5 kwa mtoto wa selimundu ni hospitali saa hiyo hiyo, hata saa tisa usiku, hata kama amechanjwa kila kitu. Nunua kipimajoto.

Baraka sasa yuko kidato cha tatu, bweni. Niliongea na matroni na patroni, nikaacha nakala ya kadi na barua ya daktari, lakini aliyenisaidia zaidi ni yeye mwenyewe. Muhula uliopita alihisi homa prepu ya usiku, akaenda kumgongea patroni, akamwambia, "Mimi bandama yangu haifanyi kazi, siwezi kusubiri asubuhi." Walimpeleka. Nilipigiwa simu tayari ameshachomwa sindano ya kwanza.

Nyuma ya kadi yake ya 2010, mahali pasipo na mstari wowote, kuna maandishi mapya: PCV-13, Agosti 2022. Ya 23, Oktoba 2022. Chini yake ameandika yeye, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto: kurudia Oktoba 2027.