Shida Ilikuwa Yetu Kabla ya Kufika Jukwaani

Wiki hii mmeuliza viongozi wa mapinduzi huwavutaje wananchi kwa hotuba. Pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, ninapokula mahindi ya kuchoma saa saba nikiwasikiliza wabishi, wengi wangejibu upesi: sauti na ufasaha. Sikubali. Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, alihutubia Umoja wa Mataifa mwaka 1960 kwa takribani saa nne na nusu. Mimi ningekuwa nimeshatoka kutafuta chai.

Nianzie hapa hapa mjini. Harry Thuku na wenzake wa East African Association, chama cha kutetea haki za Waafrika, walipoanza kuhutubia mwaka 1921, hawakumwambia mtu jambo geni. Kipande, kile kitambulisho cha lazima cha wanaume Waafrika, kilikuwa kikining'inia shingoni, kodi ya nyumba ilikuwa ikilipwa, mishahara ilikuwa imepunguzwa, na mabinti walikuwa wakilazimishwa kazi. Thuku aliyataja hayo hadharani, mbele ya watu waliozoea kuyanong'ona jikoni.

Akakamatwa. Machi 16, 1922, umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi ukimdai. Wajumbe walioingia kuongea na serikali wakatoka na kuwaambia watu waende nyumbani. Baadhi wakaanza kuondoka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipoinua nguo yake na kuwaambia wanaume wachukue rinda lake, wampe yeye suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukarudi na kusonga mbele, askari wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Maneno yale yalifanya kazi kwa sababu aibu ilikuwa tayari imewashika wale wanaume tangu walipogeuza visigino.

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alijua hilo. Juni 30, 1960, siku ya uhuru, jijini Léopoldville (leo Kinshasa), Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuwa ametoka kumsifu Leopold II, mfalme aliyeitawala Kongo kama mali yake. Lumumba hakufafanua ukoloni ni nini. Alikumbusha kipigo cha asubuhi, mchana na jioni, kisha akasema Mwafrika alikuwa akiitwa "tu", ile wewe ya Kifaransa, na si kwa urafiki, bali kwa kuwa "vous" ya heshima iliwekewa wazungu. Kiswahili chetu hakina mgawanyo huo. Lakini mzee aliyepika Parklands na mvi zake kichwani, akiitwa "boi" na mtoto wa mwajiri, angemwelewa Lumumba bila mkalimani.

Tatizo ni kwamba wadanganyifu nao wanaijua njia hiyo. Wanasiasa wetu huanza na bei ya unga, umati ukaitikia, na sikio peke yake halina namna ya kumtambua mkweli. Na Thuku, ambaye barabara ya karibu na kituo kile cha polisi ina jina lake, hakuhutubia siku ile ya risasi. Alikuwa ndani, akisubiri kupelekwa uhamishoni Kismayu.

Msomaji, Ngara