Kata kadibodi kabla hujanunua lenzi

Juzi kijana mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, nimepata kamera ya filamu za inchi 4 kwa 5. Nianze na lenzi gani?" Nimemjibu asinunue kitu. Atafute boksi la viatu, akate fremu ya kutazamia: dirisha la kadibodi linaloonyesha lenzi itaona nini.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka jana nilibeba kamera, stendi na lenzi tatu hadi Kivukoni alfajiri, nipige kanisa la Azania Front, lile lililojengwa na Wajerumani. Nikafunga lenzi ya milimita 150, nikajifunika kitambaa cheusi. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera picha imepinduka miguu juu, na mnara umekatika. Nikahama, bado. Nikaweka ya 90, inayoona pana zaidi, nikapanga upya kila kitu. Natoka chini ya kitambaa, jua limeshakuwa kali na magari yamejaa mbele ya kanisa. Sikufyatua hata filamu moja. Mpigapicha mmoja mkubwa kwangu, aliyekuwa akipita, akasema mbele za watu: "Mdogo wangu, hii si kazi yako." Mpaka leo linaniuma.

Jioni ile nikakata kadibodi. Dirisha la sentimita 9.5 kwa 12, maana kingo za kishikio cha filamu hula kidogo ya filamu. Nikaipaka nyeusi. Ukingoni nikafunga uzi wa fundi viatu, kwa sababu hauvutiki, nikapiga mafundo kwenye sentimita 9, 15 na 21: kila lenzi na fundo lake, ya milimita 150 fundo la sentimita 15. Unabana fundo kwenye mfupa wa shavu chini ya jicho, unafumba jicho la pili, unanyoosha uzi. Kinachoingia dirishani ndicho kitakachoingia kwenye filamu.

Mwanzoni nilikuwa nang'ata fundo kwa meno, nikapotea wiki nzima. Kutoka mdomoni hadi jichoni si mbali, lakini kwa fundo la 9 umbali huo unaharibu kila kitu. Na kwa vitu vya karibu sana, kama bakuli mezani, usiiamini: mfuko wa mikunjo ulio kati ya lenzi na filamu unarefuka, na picha inabana kuliko fremu inavyoonyesha.

Jumapili iliyopita nilirudi Kivukoni na kadibodi tu mkononi. Kwa mnara siinamishi fremu. Naipandisha ikiwa wima, kama ninavyopandisha lenzi kwenye kamera ili kuta zisilale. Fundo la 15 likakataa kila niliposimama. La 9 likakubali, nikaweka alama ya chaki. Jumanne nikaja na lenzi moja, filamu mbili. Mnara wote umo, hadi ncha.

Ndugu zangu, tuache kukimbilia vifaa. Zunguka Dar na kadibodi yako mwezi mzima, macho yazoee, ndipo ufungue pochi.

Na wewe wa Mbagala, tumia wembe mpya. Pembe zikichanika utaziona kila unapotazama.