Kwa mwalimu mpya wa Kiswahili katika shule za Uswidi

Mvulana alikuwa na miaka 11, ametoka Dodoma miezi minne tu iliyopita, na karatasi yake ya hesabu ilikuwa imejaa wino mwekundu kuanzia juu hadi chini. Mwalimu wa darasa, mama mpole kabisa, alinivuta pembeni akaniambia labda huko alikotoka mtoto hawajafika kwenye kuzidisha. Nikaitazama karatasi. Swali la kwanza lilikuwa 2·5. Mtoto alikuwa amenakili tu: 2.5. Nilipomuuliza kwa Kiswahili mbona hajajibu, akanishangaa. "Mwalimu, hapa hamna swali. Si mbili nukta tano?"

Uswidi nukta ni alama ya kuzidisha, na desimali huandikwa kwa mkato. Tulimaliza jambo hilo kwa dakika mbili. Ukurasa uliofuata alikosa swali moja, na hilo lilinitoa jasho hata mimi.

Naanza na hesabu ingawa wewe umeajiriwa kufundisha Kiswahili, kwa sababu kazi yenyewe iko hapo. Kuna mtu mmoja tu katika jengo zima anayeweza kuona mtoto huyu anajua nini, na mtu huyo ni wewe, unayefika kwa basi la saa saba na kuondoka kwa basi la saa tisa. Mengine yote nitakayokuambia yanazunguka hapo.

Mkataba wako utakuwa na kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni modersmål, yaani somo la lugha ya mama: lina mtaala, lina alama, na mara nyingi huwekwa jioni baada ya masomo ya kawaida, watoto wakiwa wamechoka na wenzao wako nje wanacheza mpira. Ya pili ni studiehandledning: unakaa na mtoto mgeni unamsaidia kuelewa historia, baiolojia au hesabu kwa lugha anayoijua, wakati Kiswidi chake kinakua. Ile ya kwanza ndiyo inayotupa jina. Hii ya pili ndiyo inayookoa watoto.

Kwenye hii ya pili nilikosea mwaka mzima. Nilikuwa naingia darasani, nakaa kando ya mtoto, mwalimu anaongea na mimi natafsiri kwa kunong'ona. Mtoto anasikia sauti mbili kwa wakati mmoja na hashiki hata moja. Siku hizi naomba kurasa za wiki ijayo kila Ijumaa, nakaa na mtoto kabla ya somo, tunapita picha na maneno makuu, halafu anaingia darasani peke yake. Mara ya kwanza kumwona ananyoosha mkono darasani ilikuwa baada ya kubadilisha utaratibu huo. Na usidhani neno gumu la Kiswidi linaponywa na neno gumu la Kiswahili. Nilimpa binti wa Uvira neno "usanisinuru" kwa fahari zote za ualimu wangu wa Morogoro. Akaniangalia kama nimemtukana. Alilijua jambo lenyewe kwa Kifaransa. Eleza jani, eleza jua, eleza chakula cha mmea, kisha neno la Kiswidi litapata mahali pa kukaa.

Hapo ndipo kuna mtego mkubwa: usimsome mtoto kwa pasipoti yake. Aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, amezaliwa Tanzania, lakini shule za Wakongo kule kambini zimefuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Wa Nakivale, Uganda, amesoma kwa Kiingereza. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na lugha mbili tofauti za shule kwa sababu familia ilihama katikati. Shule ikikuita kwenye kartläggning, ile tathmini ya mtoto mgeni ambayo tangu 2016 lazima ifanyike ndani ya miezi miwili, swali langu la kwanza huwa hili: ukiwa peke yako, unahesabu kwa lugha gani? Jibu lake linakueleza mengi kuliko fomu. Na wakati wa tathmini, zuia mdomo wako. Mtoto akikwama unatamani kumsogezea jibu, maana ni wa nyumbani. Ukimsogezea, atapangiwa darasa asiloliweza, na aibu yake itakuwa ya kila siku. Uliza tu kwa njia nyingine, kisha subiri.

Saa nayo ni balaa. Waswidi husema halv åtta, yaani nusu ya kuelekea nane, na kwetu hiyo ni saa moja na nusu. Mtoto anayesikia "nusu" na "nane" anachora saa nane na nusu. Mzazi hivyo hivyo anakosa kikao, na shule inaandika kwamba familia haina ushirikiano. Fundisha saa mwezi wa kwanza, kwa watoto na kwa wazazi.

Sasa Kiswahili chenyewe. Darasa langu la Jumatano lina watoto tisa: wa Bukavu, wa Goma, wa Dar, wa Nairobi anayeongea Sheng na kaka yake, mmoja wa Bujumbura, na ndugu wawili ambao bibi yao ni wa Barawa, Somalia, nyumbani wanachanganya Chimwini, Kiswahili cha huko. Mmoja anasema watoto, mwingine batoto. Kisamvu cha mmoja ni sombe ya mwingine, na mchicha ni lenga-lenga. Wa Dar ananiamkia shikamoo. Wa Goma hajawahi kulisikia neno hilo nyumbani, na kumlazimisha ni kumwambia kwamba mama yake hakumlea. Wiki yangu ya pili kazini nilichukua insha ya mtoto wa Goma nikapiga mstari mwekundu chini ya kila "ba". Hakuongea darasani kwangu kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nimemfanyia kile kile ambacho mwalimu wa hesabu alimfanyia yule wa Dodoma, tena mimi sikuwa na udhuru wa kutojua.

Siku hizi ubao wangu una safu. Neno la kwenu, neno la kwao, neno la kitabuni. Watoto wanajaza wenyewe, wanabishana, wanacheka. Kiswahili sanifu nakifundisha kwa bidii zote, kwa sababu ndicho kitakachowawezesha kusoma gazeti na kumwandikia shangazi aliye nchi nyingine, lakini nakiweka kama chumba kipya katika nyumba waliyonayo tayari. Vitabu vya darasa la tatu kutoka Tanzania vitakuwa vigumu kwa mtoto aliyezaliwa Malmö. Tengeneza vyako. Picha za sokoni na sauti ya bibi kwenye simu vinatosha kuanzia.

Kuhusu haki, isome sheria ya shule ya 2010 hata kama Kiswidi chako bado kinachechemea. Ina neno moja utakalolihitaji kila ukiwa mbele ya mkuu wa shule: likvärdig. Elimu iwe na thamani sawa kwa kila mtoto, popote alipo. Sheria hiyo hiyo inataka shule izingatie mahitaji tofauti ya watoto na ijitahidi kufidia tofauti za hali walizotoka nazo. Kwa hiyo mkuu akikuambia "sisi hapa tunawatendea wote sawa," anasema kwa nia njema, na bado hajajibu swali lako. Kumpa kila mtoto karatasi ile ile yenye 2·5 ni kuwatendea wote sawa.

Wazazi wengi hawajui kwamba modersmål lazima iombwe. Haiji yenyewe. Manispaa inapaswa kulitoa somo iwapo waombaji wa lugha hiyo wanafika watano na mwalimu anayefaa anapatikana, na lugha iwe inatumika kila siku nyumbani. Mtoto hupata lugha moja tu, na hapo wazazi wa Kivu hupata taabu kweli: baba anaongea Kinyamulenge, mama Kiswahili, kanisani Kifaransa. Ipi iandikwe kwenye fomu? Usiwavutie upande wako ili upate idadi. Nimeona walimu wakifanya hivyo, na mtoto anakuja kukaa bubu. Waulize tu, mtoto akiumia, analia kwa lugha gani?

Wakishachagua Kiswahili, waambie pia kwamba kina alama kamili, A hadi F, na alama hiyo inaweza kuingia kwenye zile pointi za kuombea sekondari ya juu. Nyuso hubadilika hapo. Mzazi aliyekuwa anasema "Kiswahili ataongea tu nyumbani" anaanza kuuliza kipindi ni saa ngapi. Kuhusu Kiswidi kama lugha ya pili, wengi huamini ni darasa la wazito wa kichwa. Waeleze ni somo kamili, na kwa kuingia sekondari ya juu lina uzito ule ule wa somo la Kiswidi.

Kikao cha mzazi, mtoto na mwalimu hufanyika walau mara moja kila muhula. Jifunze kusikia Kiswidi cha adabu. Mwalimu akisema mtoto "anaweza kufanya mazoezi kidogo zaidi" au "kuna maendeleo", mzazi wetu anatabasamu na kushukuru, maana kwetu mwalimu akiwa na tatizo utalisikia hadi nje ya geti. Hapa sauti haipandi. Wafundishe wazazi kuuliza swali moja lililonyooka: je, yuko katika hatari ya kupata F, na katika somo gani? Mwalimu atajibu kweli, hawezi kukwepa. Na wewe usikubali kugeuzwa mkalimani wa kikao hicho. Mkalimani hana upande. Wewe unamfundisha mtoto huyo kila wiki, unao upande. Wala usikubali mtoto atafsiri. Nilikuta binti wa miaka 13 akimweleza mama yake kwamba "mwalimu anasema niko vizuri". Mimi nilikuwa nimekaa pale pale.

Kuna jambo zito, na nitalisema bila kuzunguka. Kumchapa mtoto kulipigwa marufuku Uswidi mwaka 1979, nyumbani kukiwamo, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Nawe kama mtumishi wa shule unawajibika kisheria kutoa taarifa ustawi wa jamii ukiwa na wasiwasi juu ya mtoto. Itatokea. Mtoto atakuambia kwa Kiswahili kile ambacho hamwambii mwingine yeyote, na baba yake mnasali pamoja. Sina dawa ya maumivu hayo. Ninachofanya ni kuwaambia wazazi mapema, siku ya kwanza, mbele ya chai: mimi ni mwalimu wa mtoto wenu, na sheria inanibana hivi na hivi. Wengine walinikasirikia. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba nilimvizia.

Utadharauliwa kidogo, jiandae. Chumba utakachopewa kitakuwa na viti vilivyopinduliwa juu ya meza, na ufunguo utakuwa kwa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Hiyo ndiyo hali, lakini usiamini kwamba somo lako ni fadhila ya juzi. Kaskazini mwa Uswidi, bonde la Torne mpakani na Finland, watoto waliadhibiwa kwa kuongea Kifini shuleni, na wenzetu waliosoma Kenya wanakikumbuka kile kibao alichovishwa shingoni aliyekutwa akiongea lugha ya kwao. Watoto wa wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini, walitengewa shule zao kuanzia 1913, zenye elimu pungufu. Haki ya lugha ya nyumbani ilikuja na mageuzi ya 1977, na majirani hawakwenda njia moja: Denmark ilifuta wajibu huo mwaka 2002 kwa watoto wengi wanaotoka nje ya Ulaya, na Norwe haki hiyo hukoma mtoto akishajua Kinorwe cha kutosha. Ukiwaeleza wenzako Waswidi habari za Torne kwenye chumba cha walimu, wengi watanyamaza, na mmoja atakuambia bibi yake alitoka huko. Kwangu mimi, aliyeniambia hivyo ndiye aliyenitafutia ufunguo.

Kabla hujasaini mkataba, uliza mambo matatu. Muda wa safari kati ya shule na shule unahesabiwa kazini au ni wako? Kuna saa zilizotengwa kukutana na walimu wa masomo, au utawavizia kwenye korido? Na je, utapewa akaunti ya mfumo wa shule ili uone alama na mahudhurio ya wanafunzi wako? Mimi hiyo ya tatu sikuiuliza. Nilifanya kazi miaka miwili bila kujua kwamba yule mvulana wa Dodoma alikuwa na A ya hesabu.